Mkanda wa meno kwenye mashine ya kiwandani: utajuaje umefika mwisho?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni fundi wa kiwanda cha kusaga na kufungasha unga wa sembe hapa Morogoro. Tuna mashine mbili za kufungasha zinazosimama wima, mifuko ya kilo moja na kilo mbili, kama mifuko 40 kwa dakika, zamu tatu, siku sita kwa wiki. Kitabu cha mashine kinasema taimingi belti, yaani mikanda ya meno, zibadilishwe kila miezi 12. Bosi anasema mkanda ambao haujakatika haubadilishwi. Mwezi uliopita mmoja umekatika usiku, mashine ikasimama siku mbili tukisubiri mwingine kutoka Dar. Nitajuaje kwamba mkanda umechoka kabla haujanifanyia hivyo tena?

Jibu: Marahaba fundi, na pole kwa hizo siku mbili. Nianze na ubishi wenu, kwa sababu kitabu hakina jibu lote na bosi naye hana.

Miezi 12 ni makisio ya mtu aliyekaa mbali, asiyejua kiwanda chako kina zamu ngapi. Zamu moja ya saa 8, siku 6 kwa wiki, ni saa 2,496 kwa mwaka. Zamu tatu kama zenu ni saa 7,488. Watengenezaji wa mikanda ya meno ya mpira kwa kawaida huhesabu maisha ya mkanda uliopangwa na kufungwa vizuri kuwa kati ya saa 8,000 na 12,000. Kiwanda cha zamu moja kikifuata miezi 12 kinatupa mikanda mizima. Ninyi mkifuata miezi hiyohiyo mnakaribia ukingo, tena kabla hatujahesabu joto, vumbi la unga na kusimama na kuondoka. Mkanda wa kuvuta nailoni ya kutengenezea mifuko kwenye mashine yako huondoka na kusimama mara moja kwa kila mfuko. Kwa mifuko 40 kwa dakika, hata zamu moja tu ni karibu mara milioni 6 kwa mwaka. Zenu tatu ni karibu milioni 18. Kwa hiyo acha kalenda ya ukutani. Angalia kwenye skrini ya mashine kama kuna kihesabu saa au kihesabu mifuko, na namba hiyo ndiyo uandike kwenye daftari kila unapofunga mkanda mpya.

Bosi naye anauchukulia mkanda wa meno kama fenbelti. Fenbelti ikichoka inateleza, inapiga kelele, inatoa harufu, unaikaza na siku inapita. Mkanda wa meno hautelezi. Mzigo wote umebebwa na nyuzi zilizozikwa ndani: nyuzi za kioo kwenye mikanda mingi ya mpira mweusi, waya wa chuma kwenye mingi ya poliyurethani, ile myeupe au inayopitisha mwanga. Mpira na meno kazi yake ni kushika puli, yaani gurudumu lenye meno ambalo mkanda hupita juu yake. Nyuzi hizo zinaweza kuwa zimeshakatika nusu na mgongo wa mkanda bado unang'aa. Ndiyo maana jicho peke yake halitoshi, na saa peke yake hazitoshi. Unahitaji vyote viwili, pamoja na kitu cha tatu ambacho mafundi wengi hawakitumii: mfuko wenyewe unaotoka kwenye mashine.

Kabla ya hapo, igawe mikanda yako kwa swali moja: huu ukikatika saa nane usiku, kutatokea nini? Mkanda unaoendesha kipitisho cha kutoa mifuko ukikatika, mifuko inajaa chini, unafunga mwingine kwa nusu saa, kazi inaendelea. Huo hata mimi ningeuacha ufike mwisho wake, mradi wa akiba upo stoo. Mkanda wa skrubu ya kupimia unga ukianza kuruka jino, uzito wa mifuko unayumba, na hapo una matatizo na wateja na wakaguzi wa vipimo. Mkanda wa taya za kuchomea, zile zinazofunga mfuko kwa joto, ndio wa kuogopa zaidi: ukiruka jino, taya na kisu vinapoteza wakati wao, na unaweza kuishia na kisu kilichovunjika au shafti iliyopinda, vitu vya bei ambayo mkanda hauifikii hata kwa mbali. Kwa hiyo usiniulize mikanda yote ibadilishwe lini. Kila mmoja una jibu lake.

Sasa ukaguzi. Zima swichi kuu, piga kufuli, ufunguo mfukoni mwako. Kama taya za mashine yako hupanda na kushuka, ziwekee gogo la kuzizuia kwanza. Zikining'inia kwenye mkanda, siku unapoulegeza zinashuka kwa uzito wao, na mkono wako uko chini yake. Weka alama ya rangi nyeupe mgongoni mwa mkanda ili ujue umeanzia wapi, kisha uzungushe kwa mkono mpaka alama irudi. Mafundi wengi hutazama kipande kinachoonekana tu na kufunga kifuniko. Ufa hauna adabu ya kujileta dirishani.

Tumia tochi, uimulike kutoka upande, upande wa meno. Mkanda wa mpira una kitambaa cha nailoni juu ya meno. Ukiwa mpya unaona mfumo wake kama wa nguo. Ukishafanya kazi unang'aa kidogo, na hilo ni la kawaida. Kitambaa kikianza kuchanika, kikatoa manyoya, au ukaona mpira mtupu chini yake, mkanda huo umemaliza. Halafu tazama shina la kila jino, pale linapokutana na mwili wa mkanda. Ufa wa hapo huwa mwembamba kama unywele na huanzia pembeni. Jino moja lenye ufa shinani linatosha kuutoa mkanda wote, kwa sababu jirani zake walibeba mzigo uleule na wako nyuma yake kwa siku chache tu.

Mgongo uukague kwa ukucha. Mpira mzima hubonyea kidogo na kurudi. Uliokauka kwa joto ni mgumu, unang'aa kama plastiki, na ukipita kwenye puli ndogo unaonyesha nyufa za kukatiza. Mkanda wa kawaida wa neoprini, aina ya mpira, unavumilia mpaka kama nyuzi joto 85. Hiyo inaonekana nyingi, lakini kumbuka taya zako zinachoma nailoni kwa joto linalopita hapo kwa mbali, na mkanda unaopita karibu nazo unakaangwa zamu tatu mfululizo. Ukikuta mgongo umekauka upande mmoja tu wa mashine, angalia kama kuna bati la kukinga joto lililotolewa na mtu akasahau kulirudisha. Hutokea sana.

Kingo nazo zinasema. Uzi ukining'inia pembeni usiuvute. Utafumua mzunguko mzima. Ukingo mmoja ukiliwa na mwingine ukiwa mzima, mkanda unasukumwa kwenye flenji, ule ukuta wa pembeni wa puli, kwa sababu puli mbili hazitazamani sawasawa. Mkanda wa meno hausamehi hapo kama fenbelti: kiasi kinachokubalika ni robo ya digrii, karibu milimita 5 kwa kila mita. Kwa puli zilizo umbali wa sentimita 30 hiyo ni milimita moja na nusu. Weka rula ndefu ya chuma iguse nyuso za puli zote mbili, utaona mwanga unapopita. Na hapo usibadilishe mkanda peke yake. Ukifunga mpya bila kunyoosha puli, umenunua ugonjwa uleule kwa mara ya pili.

Kwenye kiwanda cha unga kuna jambo ambalo kitabu cha mashine hakitakuambia. Toa kifuniko, utazame mabonde ya puli. Unga laini huingia humo, unakandamizwa na meno ya mkanda kila mzunguko, na kwa unyevu wa usiku unaganda kama plasta. Mkanda sasa hauketi chini ya bonde, umepanda juu yake. Umekazika bila mtu kuukaza, na sehemu bapa iliyo kati ya jino na jino inaanza kusagika mpaka nyuzi zionekane. Nimeona mikanda yenye meno mazuri kabisa ikiwa imekufa kwa namna hii, fundi akalaumu ubora wa mkanda. Safisha mabonde kwa brashi kavu na mashine ya kuvuta vumbi. Hewa ya kompresa usiitumie. Inarusha unga hewani, na unga hewani ukikutana na cheche unalipuka. Maji, petroli, tina na zile dawa za kupulizia fenbelti isiteleze, vyote mbali na mkanda wa meno.

Kwa sababu hiyohiyo ya cheche, unapoagiza mkanda kwa ajili ya eneo lenye vumbi la unga, omba unaopitisha umeme tuli, uliopimwa kwa kiwango cha ISO 9563. Mikanda mingi, hasa ya poliyurethani ya kawaida, haina sifa hiyo.

Tuje kwenye kulegea. Mkanda wa meno hautanuki kama fenbelti. Ukishafungwa huketi kidogo kwenye puli siku za mwanzo, kisha unatulia. Ukiukuta umelegea baada ya miezi, kuna kitu kimetokea: bolti za kiti cha mota zimeteleza, puli imeliwa, meno yamesagika au nyuzi zinakatika. Kaza mara moja tu, na upige mstari wa rangi kati ya kiti cha mota na fremu ili ujue kama kinasogea. Ukilegea mara ya pili na mstari wa rangi haujasogea, utoe mkanda. Kukazakaza ndiko kunakoua beringi za mota, halafu mtu anasema mota za siku hizi ni mbovu.

Kuupima mvutano kuna njia mbili. Ya zamani: pima urefu wa mkanda ulio wazi kati ya puli na puli, sukuma katikati kwa nguvu iliyoandikwa kwenye katalogi, na mkanda ubonyee milimita 1 kwa kila milimita 64 za urefu huo. Ya pili ni ya sauti. Gonga mkanda kwa kidole na uweke simu karibu ikiwa na programu ya kupima mawimbi ya sauti. Itakupa namba kwa hetzi, yaani mitetemo kwa sekunde. Mvutano kwa nyutoni ni 4 × uzito wa mkanda kwa mita (kwa kilo) × urefu wa kipande kilicho wazi (kwa mita) × urefu huohuo tena × hetzi × hetzi hizohizo tena. Mkanda wa kilo 0.2 kwa mita, kipande cha mita 0.4, ukilia kwa hetzi 50, una mvutano wa nyutoni 320. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata bila hesabu, hetzi za siku mkanda ulipofungwa na kutulia ukiziandika, utaziona zikishuka mwezi hadi mwezi.

Sasa mfuko. Kabla mkanda haujaonyesha lolote machoni, mashine yako huanza kukata vibaya. Mfuko mmoja mrefu, mwingine mfupi, kisu kinaanza kupanda juu ya maandishi. Wengi hukimbilia sensa, kile kifaa kinachosoma alama kwenye nailoni. Fanya hivi kwanza: mashine ikiwa imezimwa na kufungwa, mwenzako aishike puli ya mota isitikisike, wewe uitikise puli ya pili mbele na nyuma. Piga mstari kwenye puli na fremu, upime kwa kalipa inacheza milimita ngapi. Kipimo hicho kifanye siku unayofunga mkanda mpya, ukiandike. Kikiwa mara mbili ya siku ile, meno ya mkanda au ya puli yamekwisha, na sensa yako haina kosa.

Ila ile mikanda miwili ya kuvuta nailoni, iliyo kushoto na kulia ya bomba la kuundia mfuko, ina kesi yake. Ndani ina meno, nje imevishwa mpira laini unaoshika nailoni. Mara nyingi meno yanabaki mazima wakati mpira wa nje umepoteza mshiko na unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na nailoni inateleza. Ufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mashine ikiwa imezimwa. Mifuko ikirudi kwenye urefu wake kwa zamu moja kisha ikaharibika tena, mpira umekwisha. Hii ibadilishwe yote miwili kwa pamoja, hata kama mmoja unaonekana mzima, kwa sababu mpya na wa zamani havivuti sawa. Mfuko utapinda na mshono wa mgongoni utazunguka kuelekea pembeni.

Kuhusu ule uliokatika mwezi uliopita, hukuniambia umekatikaje. Kama bado upo, kautafute kwenye takataka. Ukikatika kwa mstari ulionyooka kama uliokatwa kwa mkasi, nyuzi zilivunjwa kwa kukunjwa, pengine kabla haujafika kwenye mashine. Nyuzi za kioo ukizikunja kwa ukali mara moja tu zimeumia, na hakuna jicho litakaloona. Mikanda hufungwa kwa raba kama noti, hutundikwa kwenye msumari, hukandamizwa chini ya boksi, na fundi huilazimisha juu ya flenji kwa bisibisi kwa sababu ni mvivu wa kulegeza mota. Ukiwa umechanika kwa mchongomano, nyuzi nyingine ndefu nyingine fupi, huo umechoka kwa mzigo na umri, au ulipigwa na mzigo wa ghafla, kama kitu kilipokwama. Meno yaliyonyolewa mengi mfululizo, mwili ukiwa mzima, yanaonyesha mkanda ulikuwa umelegea au kuna kitu kilikwama, mara nyingi beringi.

Kwenye kupanga muda, mkanda uliokufa kwa mchongomano tu, bila kitu kukwama, ndio unaokufundisha umri. Wa mstari ulionyooka na wa ukingo ulioliwa usiwahesabu, hao waliuawa. Tuseme uliochoka kihalali ulifika saa 6,000. Ufuatao utoe kwenye saa 4,500, uukague mezani kwa utulivu. Ukiwa bado mzima kabisa, ongeza mia chache kwa mzunguko unaofuata. Baada ya mizunguko michache utakuwa na namba ya kiwanda chako, na hiyo naiamini kuliko kitabu chochote. Ule uliotolewa ukiwa mzima uandike "dharura" na uuhifadhi bila kukunjwa, ukufikishe asubuhi siku mambo yakiharibika.

Mkanda mpya usiufunge kabla hujakagua puli. Puli za aluminiamu hulika, na kilele cha jino la puli kikichongoka kitakula mkanda mpya kwa muda mfupi. Lalisha mkanda mpya kwenye puli kwa mkono na umulike tochi kwa nyuma. Mwanga ukipita pembeni mwa jino kwa upana unaoonekana wazi, agiza na puli.

Unaponunua, soma namba iliyo mgongoni, usilinganishe kwa macho. 1200-8M-30 ni mkanda wenye urefu wa milimita 1,200, jino hadi jino milimita 8, upana milimita 30. Maana yake meno 150. Kwenye maduka ya spea, aina ya L na aina ya T10 hufananishwa sana. L ni milimita 9.525 jino hadi jino, T10 ni 10. Kwenye meno matatu hutaona tofauti. Kwenye meno 20 zimeachana kwa milimita 9.5, karibu jino zima. Umbo la jino nalo hutofautiana: lenye mabega na la mviringo haviingiliani, hata umbali ukiwa sawa. Tazama na tarehe ya kutengenezwa, na stoo uuweke mbali na jua, joto, mashine ya kuchomelea na mota zinazotoa cheche, maana ozoni, gesi inayotokana na cheche za umeme, hula mpira.

Bosi mpe hesabu yake mwenyewe. Siku mbili za zamu tatu ni saa 48. Kwa mifuko 40 kwa dakika ni mifuko 115,200 ambayo mashine ile ingeweza kutoa. Azidishe kwa faida ya mfuko mmoja, kisha aweke pembeni bei ya mkanda mmoja wa akiba wa taya na jozi moja ya kuvuta nailoni. Sidhani kama utahitaji kusema neno lingine.

Na ile mashine ya pili: kama mkanda wake wa sehemu hiyohiyo ulifungwa wakati mmoja na uliokatika, na umefanya zamu zilezile, usisubiri siku ya usafi. Uukague zamu hii, na ukiona dalili moja tu kati ya hizi, uutoe.